Haki ya Kusifu: Jarida la NME na Tuzo Zake

Hotuba kwa waandishi wa habari za burudani na wanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wahariri wenzangu, walimu wa vyuo mliotuletea vijana wenu, wasanii mliokubali kuketi pamoja na sisi tunaowaandika, na ndugu zangu wanafunzi: nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie tuzo za muziki, na kwa kuwa mjadala wa tuzo hapa nyumbani hugeuka upesi ukawa mjadala wa nani kabebwa na nani kaonewa, nimeona heri tusafiri kidogo hadi London, kwenye tuzo za jarida moja la Kiingereza liitwalo New Musical Express, ambalo wasomaji wake wamezoea kuliita NME. Hoja nitakayoitetea ni moja, nayo ni kwamba jarida hupata haki ya kumvika msanii taji usiku mmoja wa mwaka kwa sababu siku nyingine zote lilikuwa na ujasiri wa kumwambia msanii huyohuyo kwamba kazi yake haikufika.

Mwaka 1952 promota mmoja wa London, Maurice Kinn, alinunua kwa pauni 1,000 gazeti la muziki lililokuwa likichungulia kaburi, gazeti lililohudumia, pamoja na wengine, wapiga akordioni. Akalibadilisha jina, na mnamo Novemba mwaka huohuo likafanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida kabisa. Hadi wakati huo, umaarufu wa wimbo nchini Uingereza ulipimwa kwa mauzo ya karatasi za noti za muziki ambazo watu walinunua ili wakapige piano nyumbani. Percy Dickins wa NME akainua simu, akayapigia maduka yapatayo 20 ya santuri na kuyauliza ni santuri zipi kumi zilizouzwa zaidi wiki hiyo, kisha akajumlisha majibu. Hiyo ndiyo chati ya kwanza ya santuri ya Uingereza, iliyochapishwa tarehe 14 Novemba 1952, na aliyekaa kileleni alikuwa mwimbaji wa Marekani, Al Martino. Naomba muone mahali simu ilipopigwa: kwenye kaunta ya duka, kwa mtu aliyeona kwa macho yake nani ametoa pesa mfukoni. Tuzo za jarida hili zilizaliwa katika tabia hiyohiyo ya kumuuliza mnunuzi.

Msomaji alipewa karatasi ya kura ndani ya gazeti lenyewe. Akaijaza, akaikata, akaitia katika bahasha, akabandika stempu na kuituma ofisini. Kuanzia mwaka 1953 washindi wa kura hizo walialikwa kutumbuiza katika tamasha la kila mwaka, ambalo baadaye lilihamia katika ukumbi wa Empire Pool, Wembley, ambako watu wapatao 10,000 waliweza kuingia. Kilele cha matamasha yale kilikuwa tarehe 1 Mei 1966, ambapo katika alasiri moja walipanda jukwaani The Who, The Rolling Stones na The Beatles. Kampuni ya televisheni iliyokuwa ikirekodi tamasha ilikuwa haijaafikiana na mameneja wa makundi mawili makubwa, kwa hiyo The Rolling Stones walipoanza kupiga kamera zikazimwa, na The Beatles walipoanza kupiga zikazimwa tena. Wakapiga nyimbo tano kwa muda wa kama robo saa, na hilo likawa tamasha lao la mwisho la kulipiwa kiingilio katika nchi yao wenyewe. Lakini kamera ziliwashwa walipokuja kupokea tuzo za wasomaji, na ndiyo maana picha tulizonazo za siku ile zinawaonyesha vijana wanne wakishika vikombe, huku muziki wao ukiwa umebaki masikioni mwa waliokuwamo ukumbini tu. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huo wa jinsi biashara na sherehe zinavyogombania muziki, na muziki ukatoka mikono mitupu.

Wakati huo NME lilikuwa gazeti kubwa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1964 lilikuwa likiuza zaidi ya nakala 300,000 kwa wiki. Nawaomba msidhani kwamba lilikuwa na ukali wowote, kwa maana sehemu kubwa ya kurasa zake ilikuwa ni salamu za nyota kwa mashabiki, rangi wanayoipenda, chakula wanachokipenda, aina ya habari ambayo sisi nasi tunaijua sana. Uhuru wa roho ulikuja baadaye, na ulikuja kwa njaa. Ilipofika mwaka 1972 mauzo yalikuwa yameporomoka hadi karibu nakala 60,000, na wamiliki, IPC, kampuni kubwa kabisa ya magazeti, wakampa mhariri mpya Alan Smith matoleo machache ya kuliokoa gazeti ama lifungwe. Smith akawachukua vijana waliokuwa wakiandika katika magazeti ya chinichini ya London, yale yaliyokuwa yakipambana na polisi na mahakama kuhusu maadili, akina Nick Kent na Charles Shaar Murray, akawaachia waandike kama walivyozoea. Mwaka huohuo matamasha ya washindi wa kura yakakoma. Gazeti likaacha sherehe likashika uhakiki, na wasomaji wakarudi.

Hapa nataka kuondoa dhana moja ambayo vijana wetu huipenda, kwamba chombo huru ni kile kisicho na tajiri nyuma yake. NME tangu siku za mwanzo za miaka ya 1960 lilikuwa mali ya kampuni kubwa, na halikuwahi kumilikiwa na wahariri wake. Uhuru wake ulikuwa katika chumba cha habari: mwandishi alijua kwamba akiiponda albamu ya kampuni iliyonunua ukurasa mzima wa tangazo, mhariri hatamwita ofisini kumwambia aandike upya. Na waliponda kwelikweli, wakati mwingine kwa haki, wakati mwingine kwa utovu wa adabu tu. Mwaka 1977 walimhoji Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, mmoja wa waimbaji waliopendwa zaidi duniani wakati ule, kisha wakaweka kichwa cha habari kilichouliza kama mtu huyu ni bwege. Mimi kama Mswahili sikipendi kichwa kile, na naamini historia imemjibia Mercury vizuri kuliko wakili yeyote. Hata hivyo najiuliza ni gazeti gani letu la burudani ambalo lingethubutu kumuuliza nyota wa leo swali gumu, achilia mbali tusi, pasipo meneja wake kupiga simu kabla gazeti halijafika mtaani.

Kura za wasomaji hazikukoma pamoja na matamasha, na katika miaka ya 1980 zilichukua tabia ya gazeti lenyewe. Vilikuwapo vipengele vya kawaida, bendi bora, mwimbaji bora, albamu bora, na kando yake vikawapo vipengele ambavyo hakuna kamati ya kiserikali ingevipitisha. Wasomaji waliulizwa ni binadamu gani wa kupendeza kuliko wote, wakamtaja mwanamuziki Paul Weller. Waliulizwa pia ni nani mtu wa kuchukiza kuliko wote, na Margaret Thatcher, Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani, akaipata heshima hiyo. Unaweza kusema ni utoto, nami sitabisha sana. Lakini kijana wa mji wa viwanda ambaye baba yake alikuwa amepoteza kazi mgodini alipata nafasi ya kusema jambo lililokuwa moyoni mwake kwa gharama ya stempu moja, na gazeti likalichapisha kama lilivyo.

Roho hiyo ilionekana pia katika namna jarida lilivyowatendea wenye mitaji midogo. Mwaka 1981, kwa ushirikiano na Rough Trade, duka na kampuni huru ya santuri ya London, NME lilitoa kaseti iliyoitwa C81, ambayo msomaji aliipata kwa kutuma kuponi na pesa kidogo, na mwaka 1986 likatoa nyingine, C86, yenye bendi 22, nyingi zikiwa za kampuni ndogo zisizo na uwezo wa kununua tangazo. Bendi nyingine za kaseti ile hazikufika popote. Nyingine, kama Primal Scream, miaka ishirini baadaye zilikuwa zikipokea tuzo kubwa za jarida hilohilo.

Sasa nifike kwenye tuzo zenyewe kwa sura yake ya kisasa, kwa sababu huko ndiko hoja yangu inakoelekea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uingereza ilikuwa tayari na tuzo zake rasmi za muziki, BRIT Awards, zinazoendeshwa na BPI, chama cha kampuni za kurekodi, na wapiga kura wake wakiwa watu wa tasnia yenyewe. Hapo ndipo mwuzaji anapojipima kwa mizani yake. Mwaka 1994 NME likafufua sherehe yake na kuibatiza jina la BRAT Awards, likiichezea herufi moja ya wenzao ili jina lipate maana ya mtoto mtukutu, na baada ya miaka michache likaziita kwa jina lake lenyewe. Kikombe kilikuwa sanamu ya mkono uliofumba ngumi huku kidole cha kati kimesimama, ishara ambayo sitaifafanua kwa heshima ya wazee waliomo humu ukumbini. Mtu aliyeheshimiwa kwa tuzo ya juu kabisa mwaka ule wa kwanza, ile waliyoiita ya kipaji cha kimungu, hakuwa mwimbaji wala mpiga gitaa. Alikuwa John Peel, mtangazaji wa redio ya BBC ambaye kwa miaka mingi alipiga usiku kanda za vijana wasiojulikana na mtu, aliyewapenda Bhundu Boys wa Zimbabwe kwa mapenzi ya wazi hewani, na ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kwamba wimbo fulani ameupiga kwa kuwa amelipwa.

Pamoja na sherehe kulikuwa na ziara ya tuzo, ambayo mimi naiona kuwa jambo la maana kuliko hata sherehe. Kila mwanzo wa mwaka jarida lilichagua bendi nne, likazizungusha katika miji ya Uingereza kwa tiketi moja, bendi changa kabisa ikifungua jukwaa mapema wakati watu bado wanaingia na kutafuta kinywaji. Mwaka 2000 nafasi hiyo ya chini walipewa Coldplay. Mwaka 2005 walipewa Kaiser Chiefs, kwenye ziara iliyowabeba pia Bloc Party na The Killers. Mwaka 2006 Arctic Monkeys walikuwa kwenye ziara bila kuwa vinara wake, ilhali albamu yao ya kwanza ilikuwa imeuza zaidi ya nakala 360,000 katika wiki moja, rekodi nchini Uingereza kwa wakati ule kwa albamu ya kwanza ya msanii. Mwaka huohuo wakapewa tuzo ya bendi bora mpya pamoja na ile ya bendi bora ya Uingereza. Coldplay nao walirudi mwaka 2016 kupokea tuzo ya juu, miaka 16 baada ya kufungua jukwaa. Tuzo ya chipukizi ilipewa jina la Philip Hall, wakala wa habari na meneja wa Manic Street Preachers aliyefariki mwaka 1993 akiwa bado kijana. Jina la mtu wa nyuma ya pazia likawekwa juu ya kikombe cha mtu asiyejulikana bado. Nimeona tuzo nyingi zikipewa majina ya mawaziri na ya vinywaji. Hilo la Hall linanipendeza zaidi.

Vipengele vya utukutu viliendelea pia. Mwaka 2013, katika ukumbi wa Troxy mashariki mwa London, wasomaji walimchagua Barack Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kogelo, kuwa shujaa wa mwaka, na Harry Styles, kijana aliyekuwa akipagawisha mabinti wa dunia nzima, kuwa mhalifu wa mwaka, huku kundi lake One Direction likitajwa kuwa bendi mbovu kuliko zote. Miaka kumi baadaye, kwenye tuzo za BRIT za mwaka 2023, Styles aliondoka na tuzo nne kwa usiku mmoja. Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba wasomaji wa NME walikuwa na wivu tu wa wavulana wenye magitaa. Inawezekana. Mimi naona faida nyingine: kikombe cha bendi mbovu ndicho kilichokipa uzito kikombe cha bendi bora, kwa kuwa kiliuonyesha umma kwamba wapiga kura hawa wanaweza kusema hapana. Mgeni anayesifu kila sahani ya pilau hamwachii mpishi fununu yoyote ya ipi ilikuwa na chumvi sawasawa.

Ningekuwa nawadanganya kama ningeishia kwenye sifa. Tuzo zinazoegemea wasomaji hurithi upofu wa wasomaji hao, na wasomaji wa NME kwa sehemu kubwa walikuwa vijana wa kiume, weupe, wapenzi wa gitaa. Katikati ya miaka ya 1980 chumba cha habari kiligawanyika vibaya kuhusu hip-hop. Waandishi walichagua albamu ya kundi la hip-hop la Public Enemy kuwa albamu ya mwaka 1987, wakarudia kulichagua kundi hilo mwaka 1988, ilhali kura za wasomaji katika miaka hiyo zilikuwa zikirudi mara kwa mara kwa The Smiths, bendi ya magitaa. Nani alikuwa sahihi? Nadhani waandishi walikuwa mbele, lakini hata wao walipoweka msanii mweusi kwenye jalada walijua mauzo ya wiki ile yangeleta maneno, na jarida likayumba kati ya dhamiri yake na duka. Kura ya wengi ni kipimo cha wengi waliopo. Aliyefungiwa nje ya mlango haonekani ndani yake.

Halafu kuna wadhamini. Kwa miaka kadhaa sherehe hii ya watukutu ilibeba jina la Shockwaves, na baadaye la VO5, zote mbili bidhaa za kutengenezea nywele. Uasi ukadhaminiwa na jeli. Sicheki kwa dharau, kwa sababu ukumbi hulipiwa na umeme hulipiwa, ila nasema pale jina la mdhamini linapotangulia jina la jarida, msomaji ana haki ya kuuliza nani mwenye sherehe.

Pigo kubwa lilikuja kwa njia nyingine. Kufikia mwaka 2014 mauzo yalikuwa yameshuka hadi karibu nakala 15,000, na Septemba 2015 jarida likaanza kugawiwa bure, nakala zaidi ya 300,000 kila wiki, kwenye vituo vya treni, madukani na vyuoni. Kwa hesabu ya karatasi lilikuwa limerudi kwenye enzi za The Beatles. Lakini msomaji wa zamani alikuwa amelipa, na kulipa kwake ndiko kulikompa mwandishi kifua cha kumkatalia mtangazaji. Msomaji aliyeokota nakala ya bure kituoni hakuwa na deni lolote kwa jarida wala jarida kwake. Machi 2018 toleo la kila wiki la karatasi likakoma, mwaka uliofuata jarida likanunuliwa na kampuni ya BandLab ya Singapore, na mwaka 2019 ukapita pasipo tuzo.

Tuzo ziliporudi Brixton mwezi Februari 2020, rapa slowthai, aliyekuwa amepewa tuzo ya shujaa wa mwaka, alimtolea mchekeshaji na mshereheshaji Katherine Ryan maneno ya kumdhalilisha mbele ya ukumbi mzima, mtu mmoja wa hadhira akampigia kelele, pakazuka vurugu. Kesho yake msanii aliomba radhi, na akaliomba jarida tuzo yake ya shujaa apewe Ryan. Sherehe iliyojengwa juu ya utukutu ilikuwa imefika mahali ambapo utukutu wenyewe ulihitaji kuhakikiwa, na sioni kama kidole kile kilikuwa na jibu.

Ndugu zangu, hapa kwetu tumepita njia mbili kubwa. Tulikuwa na Kilimanjaro Music Awards, zilizoanza mwaka 1999 na kubeba jina la bia hadi ziliponyamaza baada ya mwaka 2015. Kisha Serikali, kupitia Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ikarejesha Tanzania Music Awards, na hafla yake ikafanyika mwaka 2022. Sina ugomvi na njia hizo. Kampuni ina pesa na Serikali ina wajibu. Njia ya tatu, ya jarida au ukurasa wa muziki unaoaminika, hatujaijaribu kwa dhati, na sababu mnazijua. Mwandishi wetu anakwenda kwenye uzinduzi wa albamu akirudi na bahasha ya nauli. Msanii akimkwaruza mwandishi, jina lake halitajwi tena. Msanii akimfurahisha, kila wimbo wake ni moto. Wengine miongoni mwetu tumegeuka wale ambao vijana siku hizi huwaita chawa, wapambe wa kusifu tu. Chombo cha namna hiyo kikitoa tuzo kesho, nani ataiweka sebuleni?

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wahariri mliopo ni dogo. Msianze na usiku mkubwa wa zulia jekundu na vipengele thelathini. Anzeni na uhakiki wa albamu kila wiki, wenye jina la mwandishi, wenye sababu za kusifu na za kulaumu, na chombo kitangaze waziwazi kwamba hakipokei nauli ya mwenye shughuli. Mkishadumu hivyo kwa mwaka mmoja, toeni tuzo moja tu, ya msanii chipukizi, iwe ya taarabu, ya singeli, ya dansi au ya kizazi kipya. Wasomaji wapige kura, na pamoja na jina la mshindi chapisheni idadi ya kura za kila aliyeshindanishwa, pamoja na orodha ya kila aliyechangia gharama na kiasi alichotoa. Mshindi mpeni safari ya kutumbuiza Morogoro, Dodoma, Mwanza na Tanga, akifungua jukwaa la wakubwa wake, saa ambayo watu bado wanatafuta viti.